Jinsi ya kuwa midfilda wa lakrosi anayetafutwa na vyuo vya Marekani, ukiwa hapa Nairobi

Lakrosi ni mchezo wa kurusha na kudaka mpira kwa fimbo yenye neti kichwani. Watu wakishika hiyo fimbo mara ya kwanza wanataka kufunga tu, lakini midfilda ndo anafanya kazi zote. Timu ya wanaume iko na watu 10, kipa, mabeki watatu, midfilda watatu, mafowadi watatu, na hao wa kati ndo wanapanda na kushuka uwanja wa kama mita 100, unakaba huku unafunga kule, ukichoka unatoka mbio mwenzako anaingia na mechi haijasimama.

Kwa hivyo anza na mapafu. Kukimbia polepole kilomita nyingi haitoshi, juu huu mchezo ni mbio fupi kali zinajirudia. Enda kiwanja chochote cha mtaa, hata cha vumbi, toka goli moja hadi lingine kwa nguvu zote, rudi ukitembea, rudia hadi miguu ikatae. Na Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, itumie hiyo hewa nyepesi.

Alafu ukuta, na hapa ndo nataka ukae sana. Tafuta ukuta wa mawe hauna madirisha, omba ruhusa kwa mwenye ukuta, simama hatua kama tano kutoka hapo, rusha mpira ukutani na uupokee ukirudi. Mkono wa chini ushike kitako cha fimbo na ndo unavuta, wa juu unaongoza tu, usiukaze. Mpira ukirudi usiupigie fimbo, rudi nao nyuma kidogo. Skiza: ukisikia "pwa!" umeugonga, ukiupokea vizuri unaingia kwa neti kimya. Ukishaizoea badilisha mkono. Wa kushoto utakusumbua, na bado uupatie muda mwingi kuliko wa kulia, juu beki akijua unaendanga upande mmoja tu anaufunga na umeisha.

Kwa video tafuta Taylor Cummings wa chuo cha Maryland, midfilda wa lakrosi ya wanawake aliyeshinda Tewaaraton, tuzo ya mchezaji bora wa lakrosi wa vyuo vya Marekani, 2014, 2015 na 2016, wa kwanza kabisa kuichukua mara tatu. Magoli yake ni matamu lakini angalia vile anapigania mpira wa kuanzisha na vile anarudi kukaba.

Masomo usicheze nayo. Vyuo vya Division III (daraja la tatu la michezo ya vyuo vya Marekani) na vya Ivy League (kundi la vyuo vinane vyenye sifa) havitoi skolashipu ya michezo, huko unasaidiwa kulingana na hali ya familia, na kwa Division III hata kwa gredi zako. Vyuo vingine vya Division I, daraja la juu, vinatoa, lakini lazima upitishwe na NCAA Eligibility Center, ofisi ya chama cha michezo ya vyuo inayokagua kama umefuzu kucheza, kwa hivyo weka matokeo yako yote ya sekondari vizuri mapema.

Kochi mwandikie wewe mwenyewe, mtumie klipu fupi yenye namba ya jezi inaonekana, na usiweke magoli peke yake, weka ukiokota mpira wa chini katikati ya watu, weka na ile umenyang'anywa ukarudi mbio ukauchukua tena.