Sanduku la kidumbak: kulitengeneza, kulifunga uzi na kulipiga

Kidumbak, muziki wa ngoma wa harusini Zanzibar, kina fidla, vidumbak viwili (ngoma ndogo), mkwasa (vijiti vya kugonganisha), cherewa (manyanga ya kutikisa) na sanduku, yaani besi ya sanduku la mbao lenye uzi mmoja na fimbo. Macho ya watu huwa kwa mwimbaji na mpiga fidla, lakini miguu na viuno vya wanawake wanaocheza vinalifuata sanduku. Likiyumba, ngoma nzima inayumba, hata fidla ikiwa tamu vipi. Kwa hiyo si haki kulitengeneza kwa mabaki ya mbao na kamba ya kuanikia nguo usiku wa kuamkia harusi. Ni ala kamili, na inataka kupimwa kama inavyopimwa ala ya udi.

Zamani nusu ya kazi ilikuja imeshafanywa. Sanduku tupu la chai lilikuwa la plaiwudi nyembamba, pembe zimeshikwa na bati, ndani karatasi ya fedha. Ulitoboa tundu, ukatia uzi na fimbo, basi. Siku hizi chai inafungwa kwenye mifuko ya karatasi, na sanduku la zamani likipatikana mara nyingi limeliwa na mchwa. Bora ulitengeneze jipya.

Mbao

Nunua plaiwudi ya milimita 4. Ya milimita 9 au 12 ni nzuri kwa kabati, lakini kwa sanduku ni bubu: uzi hauna nguvu ya kuutikisa uso, yaani ubao wa juu, ukiwa mzito kiasi hicho. Ya milimita 3 inalia sana siku za mwanzo, halafu inajikunja na mwisho inapasuka kwenye tundu. Kabla ya kulipa, libishe shiti kwa kifundo cha kidole sehemu tano au sita. Likitoa sauti ya kukatika mahali pamoja na ya kuvuma pengine, tabaka zake hazikushikana, liache dukani.

Nusu shiti, yaani futi 4 kwa 4, inatosha sanduku moja. Kata kwanza ukanda wa sentimita 45, ukate humo mbavu mbili ndefu za sentimita 60 kwa 45. Kwenye kipande kilichobaki toa vipande vitatu vyenye upana wa sentimita 40: viwili vya urefu wa 45, hivi ni mbavu fupi, na kimoja cha 60, huu ndio uso. Chora vipimo vyote kwanza kabla ya kushika msumeno. Vipande vitatu vya 40 vinakula karibu upana wote, na msumeno mnene ukipita mara mbili unaweza kukupunja nusu sentimita. Chagua kipande kisicho na fundo wala kiraka kiwe uso.

Pembe za ndani zinataka vijiti vya mbao vya inchi moja kwa inchi moja: vinne vya kusimama, na vinne vya kuzunguka chini ya uso. Vipake gundi ya mbao kwa urefu wote, kisha kaza kwa skrubu fupi kila sentimita 10. Misumari mitupu haifai. Inalegea baada ya shughuli tatu nne, na kila kiungo kilicholegea kinatoa mlio wa kukwaruza unaosikika kuliko sauti yenyewe. Gundi iache siku moja kamili. Wakati wa masika iache mbili, maana hewa ya Unguja na Pemba miezi hiyo haikaushi kitu kwa haraka. Chini pabaki wazi, hapana kitako.

Kwenye ncha za chini za mbavu fupi gongomea mbao mbili za kimo cha sentimita 4 ziwe miguu, uzibandike vipande vya kandambili kuukuu. Sanduku lililokaa chapa chini limezibwa mdomo. Sauti inatokea chini, na kandambili inalizuia kuteleza kwenye sakafu ya saruji.

Rangi ni hiari. Mkono mmoja mwepesi wa vanishi, nje na ndani, unatosha kuzuia unyevu. Rangi nzito ya mafuta juu ya uso inaua mtetemo.

Tundu

Hapa ndipo masanduku mengi yanapofia, kwa hiyo pafanye taratibu. Piga mistari miwili kutoka pembe hadi pembe ya uso. Inapokutana ndipo katikati. Kabla ya kutoboa, bandika kwa ndani kibao cha mbao ngumu, sentimita 5 kwa 5, unene wa milimita 5. Kikiwa kikubwa zaidi uso unakakamaa. Kikikosekana kabisa, uzi unaikata plaiwudi kama kisu, kidogo kidogo, mpaka siku moja unachomoka katikati ya wimbo. Gundi ikikauka, toboa kwa keekee tundu la milimita 3 kupenya uso na kibao pamoja. Kunja msasa kama sigara uupitishe tunduni mpaka kingo ziwe laini, juu na chini.

Uzi na fimbo

Uzi bora ni mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki wakubwa, unene wa milimita 2 hivi. Mvuvi yeyote wa Malindi au Mkokotoni, huku Unguja, atakuelekeza unakouzwa. Kamba ya kusokota inakwaruza vidole na sauti yake haina kina. Waya unalia vizuri lakini unakata mikono na uso pia. Chukua mita moja na nusu. Upande wa ndani upitishe kwenye wosha ya chuma, halafu ufunge fundo kwenye kipande cha mbao ngumu chenye unene wa kidole, kilale juu ya wosha. Nailoni inateleza kwenye fundo la kawaida, kwa hiyo zungusha mara tatu kabla ya kukaza, lilowanishe kwa mate, vuta mpaka likae.

Fimbo iwe sentimita 100, unene wa mpini wa jembe la mkono au pungufu kidogo. Mti wa mpera ni mzuri sana kwa kazi hii: mgumu, lakini unakubali kupinda na kurudi. Mwanzi unapasuka kwenye mkato. Mbao ya dukani iliyopasuliwa bila kufuata nyuzi za mti inavunjika ghafla, na inaweza kumjeruhi mpigaji.

Chini ya fimbo chonga ncha butu. Juu ya uso, katikati ya ukingo mfupi na sentimita 3 kutoka ukingoni, bandika kibao kidogo chenye kishimo cha kuipokea ncha hiyo. Kibao hiki kikalie kijiti cha ndani, kisielee juu ya plaiwudi tupu. Upande wa juu, sentimita 5 kutoka kileleni, kata mkato mwembamba wa kuzunguka fimbo nzima. Uzi unafungwa hapo.

Sasa inamisha fimbo ndani mpaka mkato uwe juu ya tundu sawasawa. Vuta uzi unyooke bila kukaza, ufunge. Kutoka usoni hadi kwenye fundo utapata kama sentimita 90. Ukiirudisha fimbo nje uzi unakaza na sauti inapanda. Ukiiachia ndani, inashuka. Siku mbili za mwanzo nailoni itarefuka, na utalazimika kufunga upya mara mbili au tatu. Usiharakishe kuukata uzi uliobaki.

Jaribu: piga ukiwa umeilegeza fimbo mpaka sauti iwe nzito lakini bado ina umbo, kisha ivute nje polepole. Ukifika sauti ya tano kutoka ya chini (so, ukiihesabu ya chini kuwa do) bila kutumia nguvu nyingi, sanduku limekubali. Usipofika, fimbo ni nene mno au uzi umefungwa umelegea. Ikiwa sauti inapanda lakini inakuwa nyembamba kama ya kopo, shida ni uso: aidha kibao cha ndani ni kikubwa, au kiungo kimoja cha uso hakikushika gundi.

Kupiga

Simama ukielekea ubavu mrefu, fimbo iko kushotoni kwako. Mkono wa kushoto unashika fimbo karibu na kileleni, wa kulia unapiga uzi. Mguu wa kulia uwe juu ya ukingo, upande ulio mbali na fimbo, ili sanduku lisiinuke unapovuta. Kanyaga ukingo tu. Unyayo ukilala juu ya uso umelizima sanduku kwa mguu wako mwenyewe, na kosa hili wanalifanya hata waliopiga miaka. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze kila kitu.

Uzi upigwe kwa nyama ya kidole cha shahada, si kwa ukucha, kama sentimita 30 juu ya uso. Funga plasta ya kitambaa kwenye kidole kabla hakijaanza kuuma. Lengelenge likishatokea, plasta haisaidii tena.

Sanduku halina alama za kushikia sauti, kwa hiyo sikio ndilo linalopima. Mpigaji wa fidla akupe sauti ya nyumbani, ile ambayo mwimbaji anatulia mwisho wa ubeti. Itafute kwa fimbo, kisha ikariri mkononi: fimbo imekaa pembe gani, bega limefika wapi. Halafu tafuta ya tano. Kwa sauti hizo mbili peke yake unaweza kushikilia sehemu kubwa ya shughuli. Ya nne iongeze baadaye. Anayekimbilia sauti saba wiki ya kwanza anapiga zote saba zikiwa kando kidogo, na fidla inakosa mahali pa kukaa.

Zoezi la kuanzia: mwenzako apige mkwasa, wewe hesabu moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Piga nyumbani kwenye moja, nyumbani tena kwenye "na" iliyo baada ya mbili, na ya tano kwenye nne. Kati ya mapigo gusa uzi kwa kiganja uuzime. Ukimya huo una kazi yake. Sauti zikiachwa zivume juu ya nyingine, vidumbak vinazama na mchezaji hajui pigo limeanguka wapi. Fanyeni hivyo dakika kumi bila kuongeza mwendo, kisha dakika kumi nyingine mkiongeza kidogo kidogo. Kwenye shughuli, kidumbak kinapamba moto kadiri kinavyoendelea, na asiyezoea kukimbia pamoja na wenzake hujikuta ama anawavuta nyuma ama anawatangulia.

Taarab ya ukumbini husikilizwa watu wamekaa, na kila wimbo una mwisho wake. Kidumbak huunganisha nyimbo za ngoma moja kwa moja, mara nyingi kwa muda wa saa nzima, na mwimbaji hutunga maneno papo hapo akimwona aliyeingia uwanjani. Kazi yako wakati wa kuvuka kutoka wimbo hadi wimbo ni kubaki nyumbani. Acha ya tano, piga sauti moja tu, mtazame mwimbaji mdomoni na mpiga fidla mkononi. Fidla ikishaonyesha njia mpya, hamia nayo. Ukihama mapema kwa kubahatisha, waimbaji wawili watashika sauti mbili, na hapo hata vidumbak haviokoi.

Anayetaka kusikia kazi hii ikifanywa kwa ukamilifu alitafute kundi la Kidumbak Kalcha lililoongozwa na Makame Faki, maarufu kwa jina la Sauti ya Zege, ambaye pia aliimba na Culture Musical Club, klabu ya taarab iliyoanzishwa 1958. Sikiliza mara moja ukifuata sanduku tu, uziba masikio kwa mengine yote. Chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy), kilichofunguliwa Mjini Unguja 2002, nacho kimefundisha kidumbak pamoja na taarab.

Uwanjani

Fika mapema uchague sakafu. Saruji au ubao ni sawa. Mchanga, mkeka na zulia vinameza sauti yote inayotoka chini. Ikiwa ndivyo palivyo, weka ubao mpana wa mita moja chini ya sanduku. Usilipange kando ya vidumbak vinapopashwa moto. Ngozi zinalegea kwa unyevu wa usiku na zitahitaji moto wa makuti au karatasi zaidi ya mara moja, na nailoni ikikaribia moto inakatika.

Maiki ikiwepo, iweke chini, kwenye uwazi kati ya ubavu na sakafu, sentimita 10 nje. Fundi mitambo asiyelijua sanduku huielekeza kwenye uzi na hapo inasikika mikwaruzo ya kidole tu. Maiki ikianza kupiga mluzi, geuza sanduku lisielekeane na spika kabla hujamwambia apunguze.

Beba mshipi wa akiba wenye wosha na kijiti chake vikiwa vimeshafungwa tayari. Uzi ukikatika, ulaze ubavu sanduku, vuta mabaki, ingiza mpya kutoka ndani, funga juu. Kwa mkono uliozoea ni kazi ya dakika mbili, na vidumbak na mkwasa vinaweza kushikilia uwanja muda huo.

Shughuli ikiisha, legeza uzi na uichomoe fimbo. Sanduku lililolala na uzi umekazwa huamka na uso ulioinuka katikati kama mkate wa mofa, na ukishainuka haurudi. Lihifadhi juu ya matofali, mbali na ukuta unaotoa chumvi, mdomo umeelekea chini ili panya wasilifanye nyumba.