Ukihesabu kwa korija, gawa bila ya kuzivunja

Wenzangu mnaonunua boriti za mikoko kwa korija, Unguja na Pemba, msihangaike kuzigeuza zote kuwa moja moja ndipo mgawe. Korija ni 20, basi kwa 2, 4, 5 au 10 tazameni zile zilizozidi korija kamili tu. Korija 7 na boriti 12: 12 inagawika kwa 4, kwa hiyo mzigo wote unagawika, mafundi wanne kila mmoja 38.

Kwa 3 ndipo penye utamu. Toa boriti katika zile zilizozidi, uipe kila korija moja. Kila korija sasa ina 21, na 21 inagawika kwa 3 na kwa 7. Zinazobaki mkononi ndizo zinazoamua. Korija 7 na 13: zinabaki 6, kwa hiyo 153 inagawika kwa 3, ila si kwa 7. Zisipotosha, pima upungufu vivyo hivyo: korija 9 na 3, pungufu 6, na 183 ni 61 mara 3.

Skuli tulifunzwa kujumlisha tarakimu kwa ajili ya 9. Kwenye korija kanuni hiyo ni ya 19, unajumlisha idadi ya korija na zilizozidi: korija 7 na boriti 12, 7 na 12 ni 19, na 152 ni 19 mara 8.