Nani apewe ufunguo wa tawi kuu? Jinsi ya kumpandisha mchangiaji kuwa msanidi wa kiini

Katika mradi wa programu huria, msanidi wa kiini ni yule mwenye ruhusa ya kuingiza msimbo kwenye tawi kuu, yaani nakala rasmi ya programu. Mtu wa kwanza niliyempandisha hivyo nilimchagua kwa kuhesabu michango. Alikuwa akiongoza orodha. Wiki ya tatu akaunganisha kiraka chake mwenyewe (badiliko la msimbo) kwenye tawi kuu usiku, bila mwenzake kukipitia, na toleo likatoka bovu. Kuandika msimbo alijua sana. Nilichokuwa sijawahi kukitazama ni anavyokuwa akikataliwa. Siku hizi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Andikeni cheo kinampa mtu nini. Kuunganisha msimbo, kutoa matoleo na kupiga kura ni mamlaka matatu, na si lazima yaende pamoja. Mwaka 2020 Django, mradi wa zana za kujengea tovuti, waliivunja kabisa timu yao ya kiini, wakatenganisha waunganishaji na watoa matoleo.

Hatua ya 2: Soma mapitio yake. Viraka vyake umeshaviona. Sasa fungua mapitio yake 20 ya karibuni kwenye kazi za wengine. Hapa ndipo natumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Tuseme mtu kapunguza muda ambao programu husubiri jibu, usipobadilishwa na mtumiaji, kutoka sekunde 30 hadi 5. Mpitiaji mmoja anaandika "safi" na kupita. Mwingine anauliza: "Wenye mtandao wa polepole itakuwaje? Jaribio liko wapi? Tumewaarifu kwenye maelezo ya toleo?" Huyo wa pili ndiye wangu, hata kama ana viraka kumi tu. Tazama pia kama huwa anasema "sehemu hii siijui, aitwe anayeijua". Na tafuta hoja aliyoshindwa: je, aliendelea kuja?

Hatua ya 3: Chunguza shinikizo linatoka wapi. Muda peke yake haukulindi. Kwenye xz, programu ya kubana mafaili, aliyejiita "Jia Tan" alianza kutuma viraka 2021, akavumilia, huku majina yasiyofahamika yakimlalamikia mtunzaji aliyekuwa amechoka kwamba kazi inachelewa. Mwishowe Jia Tan akapewa mamlaka. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund akashangaa mbona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia, akakuta mlango wa nyuma (njia ya siri ya kuingilia) umefichwa ndani ya xz. Kwa hiyo wageni wakikuhimiza umpandishe fulani, simama kwanza. Kubernetes, mradi wa kuendesha programu kwenye kompyuta nyingi, hata kwa uanachama wa kawaida tu, hudai wadhamini wawili kutoka kampuni tofauti. Nauona utaratibu mzuri.

Hatua ya 4: Muulize mwenyewe, faraghani. Wapo wasiotaka. Mwambie wazi kwamba atapitia kazi za watu zaidi ya kuandika zake.

Hatua ya 5: Pigeni kura yenye kanuni iliyoandikwa kabla ya jina kutajwa. Mradi wa lugha ya programu Python hutaka theluthi mbili za kura katika wiki moja, na baraza lao la watu watano linaweza kuzuia. Apache, shirika lenye miradi mingi ya programu huria, hutaka angalau kura tatu za ndiyo, pasiwe na kura ya turufu, na kura ikae wazi saa 72 au zaidi. Mradi wenye watu wanne uchukue mtindo wa Apache; theluthi mbili ya wanne ni hesabu ya kugombanisha watu. Anayesema hapana atoe sababu. Mjadala wa mtu uwe wa faragha, matokeo yatangazwe.

Hatua ya 6: Toa funguo kidogo kidogo. Mwanzoni aunganishe kwenye sehemu anayoijua, akiwa na mwenyeji wa kumuuliza; funguo za matoleo zije baadaye. Uthibitishaji wa hatua mbili ni lazima. Tawi kuu lifungwe ili mtu asiunganishe kiraka chake bila mwingine kukiidhinisha, na wewe mwanzilishi ukiwemo. (Utajikuta unataka kujiruhusu mara moja tu. Usijiruhusu.)

Hatua ya 7: Wekeni mlango wa kutokea. Kwenye Python, aliyekaa miaka miwili bila mchango wa maana anaweza kuombwa ahamie kundi la wasioshiriki. Akaunti iliyolala na funguo zake ni windo rahisi, hivyo ondoeni ruhusa zake na jina lake libaki kwenye orodha ya waliojenga mradi. Mwandikieni kabla hamjazigusa, asije akagundua mwenyewe siku anayojaribu kuunganisha kitu.