Kabla hujapaka ofu waiti ndani, kaa kwanza na hicho chumba

Jamani kabla hujamtuma fundi dukani akakuletee "krimu ile ya kawaida", subiri kidogo. Ofu waiti watu wanaichukulia poa, eti ukikosa cha kuchagua chukua hiyo haiharibu. Inaharibu sana tu. Mimi sebule yangu hapa Dar nilichagua kwenye kikadi cha saizi ya kiberiti, dukani chini ya taa nyeupe, ikaonekana kama maziwa freshi, tukapaka, jioni naingia naona pinki. Pinki kabisa. Fundi akaniambia "dada rangi si ndo hii uliyochagua" na alikuwa anasema kweli. Kumbe taili zangu za chini zina wekundu wa mbali ambao nimekaa nao miaka minne sijawahi kuuona, halafu nje kuna bati jekundu la jirani, jua la saa kumi likilipiga ule wekundu wote unaingia kwa dirisha langu.

Ofu waiti ni nyeupe iliyotiwa tone la kitu kingine, inaweza kuwa njano, nyekundu, kijivu au kijani, na kwa sababu lile tone ni dogo basi inaazima rangi ya chochote kilicho karibu nayo. Kwahiyo anza na vitu ambavyo huna mpango wa kuvibadilisha, taili, milango, kochi, pazia. Chukua karatasi nyeupe ya kawaida ilaze juu ya taili, hapo hapo utaona taili yako inaelekea wapi. Ikiwa inaelekea njano na wewe ukaleta ofu waiti yenye kijivu, ukuta utaonekana mchafu hata kama umekauka leo asubuhi.

Dari nayo usiisahau. Jipsamu nyingi zimepakwa nyeupe pe, sasa ukiweka ukuta wa krimu chini yake ile krimu inaonekana kama kitambaa kilichofuliwa na maji ya kisima. Mi naona bora ofu waiti iliyo hafifu zaidi, au dari nayo ipakwe ofu waiti hiyo hiyo.

Halafu mwanga. Kaa kwenye chumba asubuhi, mchana, saa kumi na moja na usiku, kwa kweli kaa, usipite tu. Hapa Dar jua la mchana kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba liko upande wa kaskazini, baada ya hapo linahamia kusini, kwahiyo dirisha la kusini ambalo mwezi wa sita liko kivulini Desemba utalikuta linachomwa. Chumba chenye mwembe dirishani kinaingiza ukijani siku nzima, humo ofu waiti yenye njano kidogo inakaa vizuri kuliko ya kijivu. Na korido lisilo na dirisha usilidanganye na rangi, rangi inarudisha mwanga uliopo, haitengenezi mwanga, ofu waiti kwenye giza inageuka majivu.

Taa pia angalia boksi lake. Balbu iliyoandikwa 3000K (hiyo K ni kipimo cha rangi ya mwanga) ina njano, ya 6500K ni nyeupe inayoelekea bluu, na rangi ile ile chini ya hizo mbili ni kama rangi mbili tofauti. Amua balbu kwanza, badilisha zote, ndo uchague rangi.

Kujaribu usijaribu kwa kupaka kiraka juu ya rangi ya zamani, ile ya zamani itakudanganya jicho. Tafuta kipande cha hadibodi kama sentimita 60 kwa 60, kipake nyeupe kwanza halafu rangi yako mikono miwili, yaani mara mbili, kiache kikauke kabisa maana rangi mbichi sio rangi kavu, kisha kiegemeze ukutani, kihamishe pembeni, kipeleke karibu na kochi, siku mbili tatu hivi. Kinagharimu kopo dogo tu, kurudia sebule nzima ni hela nyingine kabisa.

Ukuta wenyewe sasa. Hapa ndo wengi tunaibiwa na haraka. Plasta mpya iache ikauke, wiki nne ndo kipimo cha kawaida, saruji mbichi ina ukali unaokula rangi ya maji na unyevu unaleta mabaka, na kwenye ofu waiti baka linaonekana kama chai iliyomwagika. Ukuta unaotoa ule unga mweupe wa chumvi usipakwe juu juu, tafuta maji yanatoka wapi, bomba, msingi au bafu la upande wa pili. Skimu, ule udongo laini wa kusawazisha plasta, ipigwe msasa vizuri halafu usiku washa tochi ya simu uiegemeze ukutani imulike kwa ubavu, kila wimbi litajitokeza, fundi arekebishe kabla ya praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia. Na wenzetu wenye nyumba za kale za mawe ya matumbawe, Zanzibar au Lamu, hizo zilijengwa na chokaa na chokaa inapumua, ukiziba na rangi ya plastiki unyevu unakwama ndani na inabanduka maganda maganda. Chokaa yenyewe ndo ofu waiti ya pwani, iacheni jamani.

Finishi, yaani mng'ao wa rangi: mati isiyong'aa inaficha mawimbi lakini haifutiki vizuri, silki yenye mng'ao kidogo inafutika ila inaonyesha kila kasoro. Nyumba yenye watoto na mbu (ule mbu aliyeshiba unayemuua kwa kandambili usiku, alama ya damu inabaki pale) mi nasema silki sebuleni na korido, mati chumbani kwa wakubwa.

Idadi piga hesabu mwenyewe. Chumba cha mita 3 kwa 3.5, urefu wa ukuta mita 2.8, ukitoa mlango na dirisha unabaki na kama mita za mraba 33. Mikono miwili ni 66. Lita moja ukiikadiria mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, unahitaji karibu lita 7, yaani makopo mawili ya lita 4. Nunua yote siku moja, yachanganywe kwa namba moja, na kabla ya kuanza yamiminwe kwenye ndoo moja kubwa yakorogwe pamoja, maana hata mashine ile ile ya dukani ya kuchanganya rangi inaweza kupishana kidogo na ofu waiti haifichi hiyo tofauti. Maji ya kuzimulia simamia mwenyewe, soma kopo linasema kiasi gani, fundi akizidisha utaambiwa rangi ni mbovu.

Inayobaki mimina kwenye chupa ya kioo ijae mpaka juu, funika, bandika karatasi yenye namba ya rangi, tarehe na jina la chumba. Ukija kuziba doa mwakani usipake doa peke yake, rangi ya ukutani itakuwa imeshabadilika, paka ukuta huo kona mpaka kona.