Umefungwa waya za meno na yanauma? Fanya hivi siku za mwanzo

Jamani kama ndo umefungwa waya, au unampeleka mtoto wiki hii, jua kuwa ukitoka kwa daktari unaweza usisikie kitu, ukala vizuri tu mchana, kisha baada ya masaa manne sita hivi meno yanaanza kuuma taratibu, kesho yake na kesho kutwa ndo makali yenyewe, halafu yanapungua na wengi ndani ya wiki wameshazoea. Waya inasukuma jino, na ile nyama laini inayoshika mzizi inabanwa na kuvimba, ndo maana hata kugonganisha meno unaona tabu. Daktari hajakosea kitu.

Sasa kuna maumivu ya jino na kuna ya kukwaruzwa na vyuma, watu wanayachanganya, kumbe kila aina ina dawa yake.

Ya jino usingoje yakolee. Mtu mzima anameza paracetamol vidonge 2 vya mg 500, yapite masaa 6 ndo arudie, na visizidi 8 kwa masaa 24, na kama unakunywa dawa ya mafua soma pakiti kwanza maana nyingi zina paracetamol humo humo. Mtoto kipimo chake ni cha umri na uzito, muulize mfamasia, na aspirini asipewe kabisa. Ibuprofen nayo inasaidia sana ila kula kwanza, na mwenye vidonda vya tumbo, pumu au mimba asiiguse bila kuuliza. Kama ni Ramadhani, ukiweza sogeza miadi mpaka baada ya Idi, na kama umeshafungwa basi dawa umeze wakati wa futari na daku. Barafu pia, izungushie kitambaa uweke shavuni dakika 10 hivi, au kunywa dafu la baridi.

Kula hapa kwetu si shida wallahi. Uji, boko boko, viazi vya kuponda, mayai, wali uliolainika na samaki wa nazi. Urojo unakunywa vizuri tu, ila mwambie muuzaji asikutilie chipsi za muhogo wala bajia ngumu, akutilie viazi na rojo lenyewe, na ndimu na pilipili aziache maana shavu likiwa limechubuka utaruka. Pweza, muwa, mahindi ya kuchoma, ubuyu, kashata, na halua inayonata, viweke mbali kabisa, sio kwa maumivu tu, kichuma kikibanduka lazima urudi, na kama unakaa Pemba na daktari wako yuko Unguja hiyo ni nauli ya boti na siku nzima imekwenda.

Ya kukwaruzwa dawa yake nta, usitoke kwa daktari bila kuiomba. Nawa mikono, kausha kichuma kinachokuchoma kwa tishu (kikiwa na mate nta haishiki), kata kipande kama punje ya mbaazi, kifikiche vidoleni mpaka kilainike, kibandike ukibonyeza kidogo. Itoe unapokula na kupiga mswaki. Usiku na asubuhi sukutua maji ya vuguvugu yenye chumvi nusu kijiko cha chai kwa glasi, uteme. Karafuu tunazo tele, najua bibi atakwambia upake, lakini mafuta yake yakiwa makali yanaunguza ufizi, kwenye kidonda usipake.

Mswaki usiuache eti kwa sababu yanauma, tumia laini na uende pole pole, chakula kikikaa kwenye vyuma ufizi unavimba na maumivu yanazidi. Ncha ya waya ikitokeza weka nta na umpigie daktari, usiikate mwenyewe. Na mpigie pia kama wiki imepita maumivu hayapungui, au kuna usaha, homa, au uso umevimba, hapo usikae nyumbani ukimeza vidonge.

Kila ukienda kukazwa yatauma tena siku mbili tatu, kwa hiyo usiku wa kuamkia miadi chemsha viazi vyako kabisa.