Kinyago cha bibi kisikae kabatini
Kama nyumbani mna kile kinyago cha Kimakonde chenye watu waliopandana, kile wanachokiita ujamaa, msikifungie kabatini. Kishusheni, mtoto akishike, kila sura ipewe jina la ndugu: huyu wa chini ni bibi, kawabeba wote. Akitaka hadithi, msimulieni ile ya Wamakonde: mtu wa kwanza alichonga mwanamke kwa mti, akamsimamisha, kulipokucha akamkuta hai, wakaoana.

Mimi nikimkumbuka mama hupitisha kidole gumba begani kwa yule wa chini. Pamelainika kuliko kwingine kote, nadhani hata yeye alikuwa akifanya hivyohivyo.

Wazee wakisimulia, warekodini kwenye simu. Na kinyago msikianike juani, mpingo hupasuka.