Wafundishe kuikagua Wikipedia: somo la dakika 40
Mwalimu tarajali uliye kwenye mazoezi ya kufundisha Iringa, usiwakataze wanafunzi Wikipedia. Wataifungua wakitoka tu darasani. Wafundishe kuikagua. Chukua makala ya Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, maana kijiji cha Kalenga kiko jirani na makumbusho ya hapo yanahifadhi fuvu linaloaminika kuwa lake, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954.

Simu moja kwa wanafunzi watano inatosha. Ukihofia bando, chapisha kurasa mapema. Kila kundi lichague sentensi moja yenye tarehe, mfano mapigano ya Lugalo ya 1891, kisha lifuate kile kinamba kidogo mwishoni mwa sentensi hadi kwenye rejeo chini. Hakuna kinamba? Waandike "haina ushahidi". Kipo? Wafungue chanzo chenyewe, wasome kama kweli kinasema hivyo. Hapa ndipo wengi huteleza: wakiona namba, wanaridhika. Halafu wabonyeze Historia, waone nini kilibadilishwa na lini.

Kwenye Google, jibu la juu kabisa si lazima liwe sahihi. Walinganishe kurasa tatu. Zikifanana neno kwa neno, zimenakiliana, kwa hiyo wazihesabu kuwa chanzo kimoja.